Hatamu za Kamba ya Kwanga

Ninafundisha darasa la tano katika komini ya Tshopo, mtaa mmoja wa Kisangani, na sauti yangu ina sifa zake. Wauza makayabu, wale samaki wa chumvi, wanaopanga meza zao ng'ambo ya barabara, wanajua jedwali la kuzidisha kwa sababu yangu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilizaliwa mpole. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja nilipomgusa farasi kwa mara ya kwanza, na neno la kwanza nililomwambia lilikuwa "nyamaza", ingawa hakuwa amesema kitu.

Farasi alikuwa wa Tonton, mdogo wake mama. Tonton aliondoka Kindu akiwa kijana, akaenda Lubumbashi kutafuta maisha, na maisha akayapata kwenye kilabu cha wapanda farasi. Alianza kwa kuzoa mavi, akapewa kulisha, akapewa kupanda, na mwishowe akawa anafundisha watoto wa wakubwa. Huko alijifunza upandaji wa kizamani, ule ambao farasi anakwenda kwa madaha kama yuko kwenye rumba ya polepole, na aliyempanda anaonekana hafanyi kazi yoyote. Wenyewe wanauita dressage. Sisi nyumbani tuliuita kazi ya Tonton, na hakuna aliyejua hasa ni kitu gani.

Alipostaafu, familia ilingoja aje na friji kubwa. Akaja na farasi jike mzee wa rangi ya kahawa, mwenye mvi juu ya macho. Walisafiri kwa treni mpaka Kindu, kwa boti mpaka Ubundu, na kutoka Ubundu wakatembea kando ya reli kwa siku sita, kwa sababu wakati huo treni ilikuwa haipiti. Waliposhuka kwenye kivuko hapa Kisangani, watu walimuuliza kwa nini anakwenda kwa miguu na mnyama wa kupanda anaye. Akasema mnyama alikuwa amechoka. Jibu hilo lilizunguka mjini wiki nzima, na watu wa heshima walikuja kumwuliza mama yangu, taratibu, kama mdogo wake ni mzima.

Ana shamba dogo la mihogo na ndizi ukishavuka daraja la mto Tshopo na kushika barabara ya Bengamisa. Hapo alijenga banda, na kwa kuwa mbung'o wa huku kwetu wanaua farasi, alilizungushia vyandarua vya kituo cha afya, alivyovishona pamoja kwa mkono wake. Majirani wakalalamika kwamba farasi analala vizuri kuliko watoto wa watu, naye akawashonea na wao. Mbele ya banda alisawazisha uwanja, akauzungushia ua wa mianzi, akaokota mawe yote mpaka yale ya ukubwa wa harage.

Mimi nilikuwa nakwenda kila Jumapili, baada ya misa, kumpelekea chakula, kwanga. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, mkono mmoja mfukoni, akimzungusha yule jike kwa kamba ndefu. Nilimwuliza kwa nini hampandi. Alisema nyonga imezeeka. Nikamwambia basi nipande mimi, na hapa sitadanganya: nilitaka picha. Dada zangu wote wana picha za mbele ya gari la mtu, na mimi niliona farasi atawafunga midomo.

"Picha, hakuna shida," akasema. "Lakini mutu anaikala pale juu, anajifunza. Farasi ya kwangu haiko kiti."

Sasa niwaeleze watu wa mbali jambo moja. Sisi wa Kisangani tumekulia juu ya toleka, zile baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma kwa ajili ya abiria, hata kama siku hizi pikipiki zimezimaliza karibu zote. Abiria mzuri wa toleka ana adabu zake. Anakaa kama gunia la mchele, anashikilia kiti chini ya mapaja, haegemei upande wowote bila sababu. Wakifika kwenye mlima anateremka mwenyewe, bila kuambiwa, anatembea kando ya mwenye baiskeli mpaka juu. Anayebaki amekaa huku mwenzake anahema, huyo hakulelewa. Mimi nililelewa.

Kwa hiyo nilikaa juu ya farasi kama gunia, nikashikilia tandiko kwa mikono miwili. Tonton alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nakwenda soko. Wiki ya pili aliniondoa mikono kwenye tandiko. Wiki ya tatu alinipa hatamu, na mara hiyo hiyo akanyang'anya. Wiki ya nne, kwa kuwa yule jike alikuwa amechoka kuzunguka na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa, alituruhusu kutoka nje ya ua na kufuata njia inayoshuka kijitoni, yeye akija nyuma yetu.

Kushuka kulikwenda vizuri. Wakati wa kupanda, katikati ya mlima, nilisikia mwendo unapungua na mbavu zake zinapanuka kati ya miguu yangu. Sikufikiri hata kidogo. Nilitoa miguu kwenye vikuku vya tandiko, nikateleza mpaka chini, nikashika njia nikitembea kando yake.

Tonton alicheka mpaka akajishika kwenye mchikichi. Mimi uso ukanipanda moto, kwa sababu sipendi kuchekwa, hasa nikiwa sijui kosa langu ni lipi.

"Nani alikufundisha ile?" akauliza alipopata pumzi.

"Ile nini?"

"Kushuka."

"Tonton, si iko mulima? Nilisikia anachoka."

Akaacha kucheka. Akaja mpaka tulipokuwa, akampangusa yule jike shingoni. "Nilifundisha batu miaka na miaka kule Lubumbashi," akasema. "Batoto ya bakubwa, na bakubwa benyewe. Hakuna hata moja alishuka juu ya farasi anachoka. Bon. Kesho masomo ikiisha, utakuja."

Nikamwambia kesho ni Jumatatu. Akasema farasi hana Jumatatu. Tangu hapo nikawa nakwenda mara tatu kwa wiki, chokaa bado kwenye vidole, na mume wangu akaanza kuwaambia watu kwamba ameletewa mke wa pili mwenye miguu minne.

Yule jike naye hakusahau mlima ule. Kwa mwezi mzima alisimama kila penye mwinuko, hata ungekuwa wa kiganja, akageuza kichwa kuniangalia kama nashuka. Mara moja alisimama mbele ya mzizi. Nilikaa juu nikimbembeleza, nikimtishia, nikimhesabia mpaka tatu kama ninavyofanya darasani, na yeye aliningoja kwa heshima zote. Mwishowe nikashuka, tukauvuka mzizi pamoja. Tonton alisema nimempa neno langu mwenyewe na sasa lazima nilishike. Mimi na yule jike tukakubaliana polepole kwamba nitashuka kwenye mlima wa kweli na mwisho wa kila somo, na kwingine kote nitabaki juu. Alikubali, lakini kwa mashaka, na mpaka leo akifika pale mzizini huchelewa kidogo.

Kazi ngumu ilikuwa mikono na miguu. Miguu yangu ilikuwa inampiga mbavuni kila hatua, kama naendesha baiskeli, bila mimi kujua.

"Haiko velo, mama," Tonton alikuwa akisema. "Hapana pedale. Unamugongea mulango kila saa, kisha unashangaa anakataa kufungua."

Njia yake ilikuwa hii. Unaomba mara moja, kwa kitu kidogo kuliko unavyodhani kinatosha: kuvuta pumzi, kukaza kiuno, kufunga vidole kana kwamba umeshika kifaranga. Halafu unangoja. Akikupa chochote, hata nusu hatua, unaachia papo hapo, na huko kuachia ndiko kumshukuru. Asipokupa, unajiuliza kwanza wewe umesema nini. Mimi kungoja kulinishinda. Darasani simngoji mtu. Nina watoto sitini na wawili, ningengoja kila mmoja tungekuwa bado tunasoma herufi a.

Siku moja tulikuwa tunajifunza kwenda upande, ambapo farasi anafuata ua lakini mabega yake yanaingia ndani kidogo, na miguu ya mbele inapita njia moja na ya nyuma nyingine. Niliomba, hakwenda. Niliomba tena, hakwenda. Nikapandwa na hasira zangu za darasa la tano, nikavuta hatamu ya kulia kwa nguvu zote. Aliinua kichwa, akakigeuza upande wangu na kufungua mdomo wazi, na kutoka juu nikauona ulimi wake. Ulikuwa na kovu lililokatiza kutoka upande hadi upande, pana kama kidole changu.

Nilishuka. Nikamwuliza Tonton ni kitu gani kile. Akanieleza kwamba kabla hajampata, yule jike alipitia mikono ya watu wengi, na kila mmoja alivuta kidogo zaidi ya mwenzake, mpaka lijamu, kile chuma cha mdomoni, ikamkata ulimi. Kilabu kilitaka kumwondoa kwa sababu hasimami tena kwa mtu. Tonton alimfundisha upya kwa miaka minne, miezi ya kwanza bila kumwekea chochote mdomoni. Alivyosema miaka minne alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilikwenda kukaa ndani ya banda, chini ya vyandarua, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima. Yule jike alinifuata, akasimama karibu, akala maganda ya ndizi kutoka kwenye beseni lililokuwa miguuni pangu. Hakuwa amenisamehe, nadhani. Alikuwa na njaa tu. Lakini mimi tangu siku hiyo nilimpenda, na nilijua kwamba nampenda.

Ndiyo maana nilipofika Jumatano moja, mwanzoni mwa mvua, nikakuta gari la mwenye ukumbi limesimama kando ya ua, niliingia mbio bila kusalimu mtu. Mwenye ukumbi ni mtu mnene, mcheshi, anayenukia marashi tangu asubuhi. Ana jumba la sherehe, salle kama tunavyoliita, katika ile komini yenye jina la mji wenyewe, Kisangani, na harusi nyingi za mjini zinafanyika kwake.

"Mama mwalimu," akaniambia kwa furaha, "ona mawazo yangu. Bibi arusi anaikala huku juu, musiki inaanza, mulango inafunguka, donc salle muzima inasimama. Jeep kila mutu anayo. Farasi, nani anaye?"

Alikuwa ameshaagiza na hatamu zake, akazitoa garini kunionyesha: nyeupe, zenye vishanga, na lijamu ya chuma yenye mikono mirefu na mnyororo wa kupita chini ya kidevu. Bado ilikuwa ndani ya plastiki. Niliitazama nikaukumbuka ule ulimi.

Tonton alikuwa amempa neno kwamba atamchukua yule jike mvua zikiisha. Alipoondoka, nilimgeukia mjomba wangu na kumwambia maneno ambayo mtoto wa dada hapaswi kumwambia mjomba. Nilimwuliza kama miaka minne na zile siku sita za reli zilikuwa za kumpeleka mnyama huyu kubeba mabibi arusi na keki. Yeye alikuwa anatazama chini, mkono mfukoni.

"Farasi hapandwe, anaoza," akasema. "Miye sipande tena. Nitamuachia nani?"

"Mimi."

"Weye iko na mukono nzito."

"Basi unifundishe mpaka ipunguke."

Aliitazama mikono yangu. Halafu akaingia jikoni, akarudi na kwanga niliyomletea Jumapili. Kwa asiyeijua, kwanga ni muhogo uliolowekwa, ukatwangwa, ukafungwa ndani ya majani, na majani yenyewe yanazungushiwa kamba nyembamba za mmea. Kamba hizo zikiwa mbichi zina nguvu. Zikikauka, mtoto wa chekechea anazikata. Alinipa kamba mbili zilizokauka, akaniambia nizifunge mwenyewe kati ya hatamu na pete za lijamu, kulia na kushoto.

"Ukimupandisha namna hii kazi yote," akasema, "kuzunguka, mchakamchaka, kwenda upande kuume na kushoto, kusimama, kurudia nyuma, na ile kamba mbili zikibaki nzima, alors anabakia. Nitaongea na papa wa salle. Ikikatika moja, anaenda naye."

Yeye mwenyewe alikwenda mjini kumweleza mwenye ukumbi, na mwenye ukumbi, ambaye anapenda mashindano ya aina yoyote, akakubali papo hapo na kuomba awepo siku hiyo.

Nilikuwa na majuma saba. Siku ya kwanza kamba ilikatika kabla hatujatoka banda. Siku ya pili nilifika uwanjani. Ilibidi ninunue kwanga kila mara ili tupate kamba, na kwa kuwa kwetu chakula hakitupwi, tuliila. Watoto wangu waliila asubuhi, waliila jioni, mpaka wakaanza kuomba lituma, zile ndizi za kupondwa, kwa machozi kama wafungwa. Mume wangu alisema yeye angependa kujua farasi huyo anakula nini, maana huenda ni kizuri zaidi.

Polepole kitu kikabadilika, na sijui kueleza ni lini. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba hatamu ni za kumshika. Kamba ile haikuweza kumshika mtu. Ikabidi nimwombe kwa kiuno, kwa pumzi, kwa kugeuza kitovu kule ninakotaka twende, na vidole vikae tu huko mbele kumsikiliza. Nilianza kusikia ulimi wake ukitafuna, taratibu, upande wa pili wa kamba. Sikio lake moja likawa linabaki nyuma kwangu. Siku niliyomwomba kusimama kwa kutoa pumzi tu, akasimama, miguu minne imepangika sawa, nililala juu ya shingo yake nikamshukuru kwa lugha zote nizijuazo, Kiswahili, Lingala na Kifaransa cha shule.

Hata darasani mambo yaliingia. Mama mkurugenzi wa shule alikuja mlangoni akachungulia, akaniuliza kama nina malaria, kwa sababu siku mbili hajasikia sauti yangu ofisini kwake. Nilimwambia najaribu kungoja. Nakiri kwamba wiki ya mitihani nilirudia kelele zangu, lakini si zote.

Jumapili yenyewe ilikuja na jua. Majirani walifika na viti vyao. Mama yangu alifika amevaa kitenge, pagne ya sikukuu, mume wangu na watoto nyuma yake. Mwenye ukumbi alikaa mbele, hatamu zake nyeupe mapajani, bado ndani ya plastiki. Tonton aliwakataza wote kupiga makofi. Nilifunga kamba zangu mbili, nikapanda. Niliyabana mapaja bila kukusudia, na yule jike akageuza sikio kuuliza kuna nini. Nikamwambia moyoni kwamba ni mimi tu, si yeye.

Tulizunguka kulia, tukazunguka kushoto. Kwenye mchakamchaka alikuwa mwepesi, na mgongo wake ulinibeba bila kunirusha. Tulikwenda upande kuume vizuri sana. Tulipoanza wa kushoto, pikipiki ilipita barabarani imebeba mabati mawili yanayokwaruza chini, na yalipiga kelele ya kuumiza meno. Yule jike aliruka mbele. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuvuta. Nilifungua vidole. Niliziona kamba zimelegea mbele yangu, nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo, nikakaa. Alikimbia hatua tatu, nne, halafu akanirudia mwenyewe, na tukamalizia tulipokuwa tumeachia. Alisimama. Alirudi nyuma hatua nne alizoombwa. Akasimama tena, akashusha pumzi ndefu puani, na watu wote uani wakashusha yao.

Kamba zilikuwa nzima. Niliziona kwa macho yangu, zote mbili.

Tonton alikuja. Alitembea haraka, macho yamemlowa, na kwa furaha akasahau jambo alilolilinda mwaka mzima. Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akashika hatamu chini ya kidevu ili amsalimie farasi wake. Yule jike akatupa kichwa juu kwa ghafla, yeye ambaye hakufanya hivyo hata kwa mabati, na kamba ya kulia ikakatika.

Sote tulikuwa tunautazama mkono wa Tonton, ambao ulikuwa bado hewani na kipande cha hatamu, na ulikuwa unatetemeka. Haukuwa mtetemeko wa furaha. Ulikuwa unakwenda peke yake, haraka haraka, na hakuweza kuutuliza.

"Ona," akasema, na alikuwa anasema na mimi. "Ndiyo sababu sipande tena. Nyonga haina kitu. Huu mukono, toka mwaka jana, unamuambia maneno miye sikusema. Mu ile kinywa yake. Anashindwa kujua mukono unataka nini, anaogopa. Nilimufundisha miaka ine asiogope mukono ya mutu. Sasa ni miye namurudishia."

Nililia, nasema wazi, juu ya farasi, mbele ya majirani na mama yangu. Nilikumbuka yale niliyomwambia kwa hasira, na nilitamani ardhi inimeze. Mama naye alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Mwenye ukumbi ndiye aliyeinuka. Alikuja polepole na unene wake, akaichukua ile kamba iliyokatika, akaigeuza geuza.

"Hii haikukatwa na mama mwalimu," akasema. "Hii umeikata weye mwenyewe, Tonton. Donc haihesabike." Akamtazama yule jike, kisha mkono wa Tonton, kisha hatamu zake nyeupe. "Na kuko kitu ingine. Nimeona mabibi arusi wengi. Hakuna hata moja, ile siku, mukono yake haitetemeke. Wote. Wanashindwa hata kuvaa pete. Nitamupandisha nani huku juu, na ile chuma?"

Akavuta plastiki, akaifunga vizuri, akaenda kuzirudisha garini. Niliposikia mlango wa gari unafungwa, ndipo nilipoamini kwamba anabaki.

Nilishuka. Nikavua hatamu, na lijamu, na vyote vilivyokuwa kichwani kwa yule jike, nikamvisha kamba ya kawaida ya puani, ile isiyoingia mdomoni, nikaiunganisha na kamba ndefu.

"Panda, Tonton," nikamwambia.

"Mukono—"

"Mikono utaweka juu ya mapaja. Hakuna kitu ya kushika."

Alikataa, akakataa tena. Mama yangu alimwambia kwa sauti ambayo mimi nimerithi kwamba apande, watu wanangoja. Mwenye ukumbi aliinama, akafumbata viganja, akampokea mguu na kumwinua juu kama si kitu.

Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka pale pajani, na yule jike hakuujali, kwa sababu haukuwa unamwambia lolote. Walizunguka mara moja kwa kutembea. Mara ya pili mgongo wa Tonton ulirefuka, mabega yakashuka, na nikaona mtu ambaye sijawahi kumjua, yule wa Lubumbashi. Sikuona ameomba nini. Yule jike alikunja shingo, akaanza mchakamchaka wa polepole ajabu, kila mguu unapanda, unangoja kidogo angani, unashuka. Mimi alikuwa hajanipa mwendo ule hata siku moja. Nilikuwa sijui hata kama anao. Nilimwonea Tonton wivu na nikafurahi, yote kwa pamoja. Mwenye ukumbi akapiga makofi, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Walipokuja kupita mbele yangu nikaona kwamba kamba ndefu, niliyodhani nimeishika, inaburuzika chini, na imekuwa ikiburuzika muda wote. Nikamwomba Tonton asimame kidogo. Nikaifungua kutoka puani kwa yule jike, nikaikunja, nikaenda kusimama pembeni pamoja na wengine.